Tunamchorea Mtoto

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo msomaji huvipitia kwa jicho tu: paa za nyumba, nguzo za umeme, madirisha ya shule, vumbi linalotimka mtu anapobwagwa chini. Mimi ni msaidizi katika chumba cha kazi cha mchoraji wa manga jijini Tokyo. Hadithi tunayoitoa kila wiki ni ya shonen, ile jamii ya vibonzo vya Kijapani inayowalenga wavulana wa shule. Jina la mchoraji wetu na la jarida letu nayaacha, kwa kuwa desturi ya kazi hii ni kwamba hadithi ina mwenyewe, na msaidizi hasemi kwa niaba yake. Nitakayoyaeleza ni ya mezani kwangu. Na katika yote niliyojifunza mezani hapo, moja ndilo kubwa: vibonzo hivi vimeenea duniani kwa sababu vilijengwa na watu wanaomchukulia mtoto kuwa msomaji kamili, mwenye akili zake na mwenye haki ya kukataa.

Nilizaliwa Muscat katika familia ya Kizanzibari. Nyumbani tulisema Kiswahili, shuleni Kiarabu, na alasiri tulikaa mbele ya televisheni kumtazama Captain Majid, kijana wa katuni ambaye mpira ndio rafiki yake. Sisi tulimjua ni Mwarabu mwenzetu. Jamaa zetu wa Bujumbura walimtazama kijana huyohuyo kwa Kifaransa, wao wakimwita Olivier. Binamu zangu wa Dar es Salaam walikutana na Dragon Ball na Naruto kwenye mabanda umiza na katika diski za kuazimana. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Majid ni Tsubasa, kwamba aliyemchora ni Yoichi Takahashi, na kwamba hadithi yake ilianza mwaka 1981 katika jarida la Weekly Shonen Jump, wakati ambao Japani haikuwa hata na ligi ya mpira wa kulipwa. Ligi hiyo, J.League, ilianza 1993, na mwaka 1998 Japani ikacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wachezaji kadhaa wa kizazi hicho wamesema waziwazi kwamba Tsubasa ndiye aliyewavuta uwanjani. Nikajiuliza: wino mweusi kwenye karatasi duni unapataje nguvu ya namna hiyo? Swali hilo ndilo lililonileta Japani.

Jibu lina historia. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, watoto wa Japani hawakuwa na burudani nyingi, na vitabu vya picha vya bei rahisi viliwafikia hata maskini. Osamu Tezuka, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alitoa Shin Takarajima mwaka 1947 na kuwaonyesha wenzake kwamba kurasa za vibonzo zinaweza kwenda mbio kama filamu. Tarehe 17 Machi 1959 majarida mawili ya kila wiki ya wavulana yalitoka siku moja: Weekly Shonen Magazine la kampuni ya Kodansha na Weekly Shonen Sunday la Shogakukan. Weekly Shonen Jump la Shueisha lilikuja nyuma yao, mwaka 1968, likawa la kila wiki mwaka uliofuata. Kufikia hapo wachoraji wenye majina walikuwa wameshachukuliwa. Jump likalazimika kuwategemea chipukizi, na kuwaachia watoto waamue ni chipukizi yupi abaki.

Watoto waliamua kwa kadi ya posta. Ndani ya jarida kulikuwa na kadi ya maoni, na msomaji alitakiwa ataje hadithi tatu zilizomfurahisha zaidi katika toleo hilo. Wahariri walihesabu na kupanga nafasi. Hadithi iliyong'ang'ania mkiani ilikatizwa, hata kama ilikuwa na majuma kumi tu tangu ianze. Utaratibu huo upo hadi leo, ingawa siku hizi majibu hutumwa kwa simu pia. Hata kaulimbiu ya jarida, yaani urafiki, juhudi na ushindi, chimbuko lake ni maswali waliyoulizwa watoto wa shule ya msingi. Kwa njia hiyo Jump lilipanda hadi kuchapa nakala milioni 6.53 za toleo moja mwishoni mwa mwaka 1994, wakati Dragon Ball ya Akira Toriyama na Slam Dunk ya Takehiko Inoue zikiwa ndani yake pamoja.

Nimeshuhudia jinsi matokeo hayo yanavyopokelewa. Mhariri hupiga simu, sensei, yaani mchoraji wetu, husikiliza amesimama, nasi tunaweka kalamu chini. Sura moja tuliyoijaza historia ya ufalme na majina ya wafalme ilitushusha. Sura nyingine, ambayo mvulana alirudi usiku kumwomba radhi rafiki yake bila ngumi hata moja kurushwa, ilitupandisha. Sensei hakuwalaumu watoto kwa kutoelewa. Alichukua karatasi akaandika agizo, akalibandika ukutani: katika kila sura, mtu mmoja lazima atake kitu, na msomaji akijue kitu hicho kabla ya ukurasa wa tatu. Tangu hapo hadithi yoyote ninayoisoma, hata riwaya ya watu wazima, naipima kwa agizo hilo.

Wiki yetu huanza na rasimu. Sensei huchora sura nzima harakaharaka, watu wakiwa vichwa vya duara tu na maneno yao yakiwa tayari ndani ya viputo, kisha hukaa na mhariri kuipitia. Rasimu inaweza kurudishwa yote, na siku ya kukabidhi kazi haisogei. Ikipita, anahamia kwenye karatasi za B4 zenye mistari ya buluu isiyotokea zikichapwa, kurasa 19 au karibu na hapo. Huchora kwa penseli, kisha wahusika wakuu huwapiga wino mwenyewe. Nyuso zote ni za mkono wake. Vinavyobaki vinatujia sisi. Palipowekwa alama ya X tunajaza weusi. Panapotakiwa kivuli tunabandika karatasi ya toni yenye nukta ndogondogo, tunaikata kwa wembe na kuikwangua pale mwanga unapopiga. Siku hizi toni na mandhari nyingi tunazifanya katika programu ya Clip Studio Paint, lakini sensei bado anapiga wino kwa nibu ya kuchovya. Nibu ikikandamizwa hutoa mstari mnene, ikilegezwa hutoa mwembamba, na katika unene huo msomaji huona hasira au woga kabla hajasoma neno.

Kuna mistari ya msisitizo, ile inayotoka pande zote za kisanduku na kukutana kwenye ngumi au kwenye jicho. Tunachomeka pini mahali ambapo mtoto anatakiwa atazame, tunaegemeza rula kwenye pini, halafu tunavuta mstari mmojammoja kutoka nje kuingia ndani, ukikonda kadiri unavyokaribia. Kisanduku kimoja cha namna hiyo kinaweza kukuchukua muda mrefu sana, na mtoto atakitazama kwa sekunde moja. Sekunde hiyo inatutosha, kwa sababu jicho lake limekwenda pale tulipotaka liende.

Kila tunachokifanya kina mtoto nyuma yake. Kijapani huandikwa kwa herufi zenye asili ya China, na mtoto wa darasa la nne bado hajazijua nyingi. Hivyo majarida ya wavulana huweka kando ya kila herufi ya aina hiyo silabi ndogo zinazomwonyesha namna ya kuisoma. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma Kijapani kwa silabi hizo, nikiwa na jarida la wavulana mkononi. Kurasa zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kisanduku cha chini kabisa upande wa kushoto ndicho mtoto anachokiona kabla hajafunua. Hapo sensei huweka swali: mlango unaogongwa, uso ulioshtuka, nyayo za mtu asiyeonekana. Jibu liko upande wa pili wa karatasi. Na mahali pakibadilika, kisanduku cha kwanza huonyesha mahali pote, ili mtoto ajue bila kuambiwa kama yuko darasani, juu ya paa au kando ya mto. Kisanduku hicho ndicho kazi yangu. Msaidizi mkuu aliyenifundisha alinipa kanuni ambayo bado naifuata: "Mchoree mtoto aliyesimama kwenye treni iliyojaa, mkono mmoja ameshika kitanzi." Mtoto huyo akipotea, kosa haliwi lake.

Wazazi wa kwetu huniuliza kuhusu ngumi. Mama yangu alikuwa wa kwanza: "Mwanangu, umekwenda mbali kote huko kuchora watu wanapigana?" Swali lake ni la haki, nami hulijibu kwa hadithi zenyewe. Katika Slam Dunk, iliyotoka kati ya 1990 na 1996, Hanamichi Sakuragi ni mkorofi anayejiunga na timu ya mpira wa kikapu ili apendwe na msichana. Inoue anatumia kurasa nyingi kumwonyesha kijana huyo akijifunza kudunda mpira na kufunga akiwa chini ya kikapu, mambo ambayo mtunzi mwenye pupa angeyaruka. Mwishoni timu yake inawatoa mabingwa wa taifa, kisha nayo inatolewa katika mchezo unaofuata, na hadithi inaishia hapo. Mamilioni ya wavulana walijifunza hapo kwamba juhudi inabaki kuwa yako hata kombe likienda kwa mwingine. Katika Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge, ya 2016 hadi 2020, Tanjiro anawakata vichwa mashetani wanaokula watu, lakini kabla hawajayeyuka tunaonyeshwa mara kwa mara maisha yao walipokuwa binadamu, na kilichowapoteza. Tanjiro hushika mkono wa adui anayekufa na kumwombea. Mtoto anayesoma hilo anafundishwa huruma mahali asipoitarajia.

Sisemi kwamba kila kitu kinamfaa kila mtoto. Jarida la wavulana husomwa na wa miaka minane na wa miaka arobaini, baadhi ya hadithi zake ni nzito na za damu, na zipo manga na anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, zilizotungwa moja kwa moja kwa ajili ya watu wazima. Mzazi asikatae kwa sababu ni katuni, wala asiruhusu kwa sababu ni katuni. Akae na mwanawe, wasome sura mbili pamoja, amwulize: huyu anataka nini, na anakitafuta kwa njia gani? Mazungumzo hayo yatamjulisha mzazi mengi kuhusu hadithi, na kuhusu mwanawe pia.

Huulizwa vilevile mwanamke kama mimi anatafuta nini katika vibonzo vya wavulana. Rumiko Takahashi alianza Urusei Yatsura katika Shonen Sunday mwaka 1978, kisha akaendelea na Ranma ½ na Inuyasha, na ni miongoni mwa wachoraji wanaoheshimiwa zaidi Japani. Hiromu Arakawa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, alichora Fullmetal Alchemist kuanzia 2001 hadi 2010, hadithi ya ndugu wawili waliofiwa na mama yao na kulipa kwa miili yao jaribio la kumrudisha. Wavulana waliwasoma hao kwa sababu walikuwa hodari.

Heshima hii kwa mtoto ina gharama, na sehemu kubwa inalipwa kwa miili ya wachoraji. Mchoraji wa kila wiki hulala kidogo na kukaa sana. Mgongo, bega na kifundo cha mkono ndivyo vinavyotangulia kuchoka. Yoshihiro Togashi wa Hunter × Hunter amesimamisha hadithi yake mara nyingi, na ameeleza hadharani maumivu yake ya mgongo. Kuna pia suala la fedha. Sisi wasaidizi kwa kawaida hatulipwi na kampuni ya jarida. Mchoraji mwenyewe hutulipa kutoka katika malipo yake ya kila ukurasa. Chipukizi wengi hubaki na mfuko mtupu mpaka sura zao zikusanywe kuwa kitabu na mrabaha uanze kuingia, ambao kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya bei.

Upande wa anime ni mgumu zaidi. Nilipangisha chumba pamoja na binti aliyekuwa akichora picha za kati katika studio moja hapa Tokyo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Tangu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kila wiki tarehe 1 Januari 1963, studio za Japani zimezoea kupunguza michoro, na mara nyingi mchoro mmoja hukaa kwa fremu tatu, yaani michoro minane kwa sekunde. Hata kwa uchache huo, kipindi kimoja cha dakika ishirini na kitu hula maelfu ya michoro. Wachoraji wakuu hutoa mikao muhimu. Mwenzangu alichora ile inayoiunganisha, mmoja baada ya mwingine, juu ya meza yenye taa chini ya kioo. Alilipwa kwa mchoro, yen mia mbili na kitu, na wapo wahusika wenye mavazi na nywele za kumla saa nzima. Kodi ya nyumba haikujua hilo. Aliacha kazi aliyoipenda tangu utotoni akaenda kuuza dukani. Anime ikipata faida, kwa kawaida fedha hurudi kwanza kwa kamati ya wawekezaji, kama vile kituo cha televisheni, mchapishaji na kampuni ya vinyago, na studio isiyo na hisa humo hubaki na ujira wa kutengeneza tu. Nimeona kwa macho yangu vipaji vikiondoka kwa sababu hiyo, na nasema bila kusita kwamba si haki. Furaha ya mtoto mmoja haipaswi kujengwa juu ya njaa ya binti wa mtu mwingine.

Yapo mabadiliko yanayonipa moyo. Mapumziko ya mchoraji, ambayo zamani yalionekana aibu, sasa hutangazwa na wasomaji huyapokea. Shonen Jump+, jukwaa la simu lililoanza 2014, limewapa wachoraji nafasi ya kutoa sura kwa mwendo ulio tofauti na ule wa jarida la karatasi, na humo ndimo Spy × Family ya Tatsuya Endo ilipoanzia mwaka 2019. Mwaka huohuo Shueisha ilifungua MANGA Plus kwa wasomaji wa nje, ambako sura mpya husomwa bure na kihalali kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili bado hakimo. Hata hivyo msomaji wa Nairobi, Goma au Muscat anaweza leo kusoma sura siku ileile anapoisoma mtoto wa Tokyo. Anayesoma kwa njia hiyo anahesabiwa, na hesabu hiyo hutusaidia. Nakala ya wizi haimlipi yeyote katika chumba chetu.

Na sisi wenye Kiswahili hatuanzi patupu. Edward Gitau alitupa Juha Kalulu katika Taifa Leo. Tanzania ilikuwa na Sani, na watu wakawajua Ndumilakuwili na Lodilofa kama majirani zao. Kenya ilipata Shujaaz mwaka 2010, kibonzo cha bure kinachozungumza na vijana kwa Sheng yao wenyewe. Vijana wa Dar, Mombasa na Bukavu hunitumia kazi zao, na mikono yao ni mizuri kweli. Lakini nyingi ya kazi hizo zina mashujaa wenye majina ya Kijapani, wanaotembea chini ya miti ya sakura katika mji ambao mchoraji hajawahi kuuona. Huwaambia kwamba nywele za miiba na panga ndefu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hii. Mtoto wa Tandale au Kisauni ana daladala na matatu, ana madrasa na mitihani ya taifa, ana mashindano ya ndondo ambayo mtaa mzima hujaa kando ya uwanja. Steringi wake yupo hapo. Cha kuchukua kutoka Japani ni nidhamu: rasimu inayokubali kurudishwa, ukurasa unaoeleweka na aliyesimama, tarehe isiyosogea, na sikio linalomsikiliza msomaji mdogo.

Ombi langu, basi, ni kwa watatu. Mchapishaji, toa kibonzo cha watoto kwa Kiswahili, kila mwezi ukishindwa kila wiki, kwa bei ambayo mtoto anaweza kuichanga, uwaulize wasomaji wako ni hadithi gani wameipenda, uyatii majibu yao, na umlipe mchoraji wako kwa wakati. Mwalimu, weka vibonzo katika kabati la maktaba, kwa kuwa anayezoea kufunua kurasa kwa hamu atavifikia na vitabu vinene. Mchoraji kijana, mpe kazi yako mtoto asiyekujua, umwache asome, usimweleze lolote. Akiiweka chini katikati, mwamini, rudi mezani uchore upya.